Nilimpigia Debe Daktari wa Waya, Aliyeumia ni Dada Yangu

Kosa ni langu. Naanza hivyo kabisa, asije mtu akasoma hadi katikati akaanza kumlaumu shetani au wachawi wa bonde la Mbarali. Shetani siku hiyo alikuwa likizo. Kazi yote niliifanya mimi, kwa mdomo wangu huuhuu, tena nikiwa nimevaa koti la suti.

Nimeomba jina langu lisitoke. Siyo kwamba naogopa. Sawa, naogopa! Lakini pia dada yangu hataki ajulikane, na safari hii nimemuuliza kwanza kabla ya kufungua mdomo. Kwa hiyo humu nitamwita Dada Atu, na atakayedhani anamjua akae kimya.

Mimi ni mtu wa Mafinga. Mchana napanga mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo, na jioni nilikuwa nasoma QT, ile sekondari ya watu wazima. Tulikimbia shule tukiwa na kaptula, tukairudia tukiwa na vitambi. Darasani kwetu kulikuwa na bibi anayejifunza logarithmi huku anambembeleza mjukuu. Nikafaulu. Jamani, nilifaulu! Siku ya matokeo nilitembea barabarani kwa maringo mpaka malori ya magogo yakawa yananipisha, na nadhani mipaina yote ya msitu wa Sao Hill iliinama kidogo.

Mtu aliyechelewa kusoma ana ugonjwa wake. Anataka kuwalipizia watu miaka yote aliyonyamaza. Ukinisalimia "mambo", nakueleza mapafu yanavyovuta hewa. Mwenzangu kiwandani akisema amechoka, namweleza kinachotokea ndani ya msuli wake, kuanzia chembe moja mpaka zote, na gogo linatusubiri. Wakaanza kuniita Profesa. Walikuwa wananicheka, lakini mimi nilipokea cheo.

Sasa sikilizeni nilivyopata silaha yangu.

Mwalimu wetu wa baiolojia, mama mmoja mpole, alitufundisha habari za ubongo. Akasema ile sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga mambo, inayokuzuia usimtukane bosi, inayokufanya wewe uwe wewe. Akadokeza kwamba zamani madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wanaikata hiyo sehemu kutibu wazimu, na kwamba ni habari ndefu, tutairudia. Hatukuirudia. Mtihani hauulizi hayo.

Mimi nikaingia kwenye simu. Nikakuta makala marefu kama barabara ya kwenda Tunduma. Kulikuwa na daktari Mreno aliyeanzisha hiyo kazi, na baadaye akapewa tuzo ile kubwa ambayo dunia nzima inaiinamia. Halafu akatokea daktari mmoja wa Marekani, akaipenda kazi ya Mreno kuliko Mreno mwenyewe. Yeye akaifanya nyepesi: hakuna kupasua fuvu, hakuna chumba cha upasuaji, unapita tu juu ya jicho, dakika chache, umemaliza. Magazeti yakamsifu. Watu waliokuwa wanapiga kelele hospitalini mwaka hadi mwaka wakatulia. Familia zikaandika kushukuru.

Hapohapo, kwenye shukrani za familia, bando likaisha.

Mtu mwenye akili angeongeza bando. Hata mtu asiye na akili lakini mwenye wasiwasi kidogo angeongeza. Mimi nilizima simu nikajisemea, inatosha, nimeelewa. Niongeze ya nini? Habari ilikuwa imefika pale nilipoipenda.

Sasa Dada Atu. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, na mama alipokwenda zake ndiye aliyenipikia. Alikuwa na kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, pembeni ya maegesho ya malori. Sisi ni Walutheri wa kukaa mbele kanisani, kwa hiyo ndugu walikuwa wanamsema sana, na wakishamsema wanapita mlango wa nyuma kuchukua galoni. Ulanzi wake ulikuwa mzuri, lakini watu walifuata mdomo wake. Alikuwa anamchambua dereva kuanzia soksi mpaka mke wa pili, na dereva anacheka, anaongeza kikombe. Pua yake ilikuwa maabara. Ananusa kibuyu cha mgema mara moja tu, anamwambia huu umeuchanganya na wa juzi, rudi nao. Mgema anarudi nao.

Mume wake alipofariki, Dada Atu akabadilika. Usiku halali. Anaongea na marehemu kama vile yuko chumba cha pili. Siku moja alisimama kanisani wakati wa matangazo, akamsahihisha mzee wa kanisa kuhusu mambo ambayo mzee wa kanisa asingependa yasahihishwe hadharani. Siku nyingine tulimkuta barabara kuu amevaa kanga moja, baridi ya Mafinga ile ya Juni inayong'ata mpaka mifupa ya marehemu, anasimamisha malori akimuulizia mumewe.

Tulimpeleka hospitali, wakampa vidonge. Vidonge vilifanya kazi, ila taratibu. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akanenepa, akawa analala mchana. Daktari alisema tuvumilie, dozi itarekebishwa. Sisi wanaukoo hatuna uvumilivu. Tunataka mgonjwa aingie mlango huu anapiga kelele, atokee mlango ule anaimba tenzi.

Ndipo ikaja habari ya Dokta Faraja. Hilo jina nimempa mimi, lake la kweli hata polisi hawalijui. Alikuwa anafuata mavuno ya mpunga kama ndege kwelea. Wakulima wakishavuna tu, na yeye huyo ametua Madibira na koti jeupe, spika mbili na bango la picha za watu "kabla" na "baada". Anasema wazimu ni maji machafu yaliyosimama mbele ya ubongo, na yeye ana waya maalumu wa kuyatoa kupitia puani. Mgonjwa anatulia palepale.

Mbele ya ubongo! Mliona? Nilipolisikia hilo neno niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Nikasema huyu mtu ni msomi mwenzangu.

Kikao cha ukoo kilikaa Iringa mjini, Mlandege, kwa baba mkubwa. Niwaeleze kidogo vikao vyetu. Mdogo hukaa karibu na mlango. Kazi yake ni kufunga mlango baridi isiingie, na kutumwa kumwita mjomba aliyechelewa. Hasemi. Mimi nimefunga mlango ule miaka yote ya ujana wangu, nimezeeka na komeo mkononi. Siku hiyo baba mkubwa alinyanyua kiti, akakiweka karibu na chake, akasema, "Msomi wetu akae hapa. Yeye ndiye ameona vitabu."

Mnaelewa? Kiti! Ningeambiwa niseme mwezi ni jibini, ningesema na ningeleta ushahidi.

Shangazi yetu wa Mbeya ndiye peke yake aliyepinga. Alikuwa amekaa ubavuni mwa Dada Atu, amemshika mkono. Akasema tumwache na vidonge vyake. "Vinamrudisha. Juzi kaniambia wigi langu linafanana na paka aliyenyeshewa. Mtu anayetania hivyo yuko njiani anarudi."

Watu wakacheka, na kwa kweli kikao kilikuwa kinaelekea kwake. Nikaona kiti changu kinayumba. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikamwaga yote. Nikataja sehemu za ubongo kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, kama kondakta anayetaja vituo. Nikamtaja Mreno na tuzo yake. Nikamtaja Mmarekani aliyezunguka akituliza vichaa waliowashinda wote. Nikasema huyu wa Madibira anafanya kilekile walichofanya wakubwa wa dunia, ila yeye anapita puani. Nikamwambia shangazi kwa upole wa dharau, ule wa kuinamisha kichwa pembeni, kwamba mambo ya wigi na mambo ya ubongo ni madarasa tofauti.

Ukumbi mzima ukaniangalia kama vile mimi ndiye niliyepewa ile tuzo.

Dada Atu alikuwa hajasema kitu. Siku hiyo alikuwa vizuri, amevaa kitambaa chake kipya, macho yametulia. Akaniangalia mimi tu, kama hawa wengine wametoka nje.

"Mdogo wangu, hiyo habari umeisoma mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, dada."

"Na wale watu walipona?"

"Walitulia kabisa."

Someni tena hapo. Mimi nimesharudia mara nyingi kuliko alfabeti. Ameniuliza kupona, nimejibu kutulia, na kwenye ukumbi uliojaa watu wazima hakuna aliyesikia tofauti, hata mimi.

Akasema amechoka kumsikia marehemu anamwita, amechoka mikono kutetemeka. "Nitaenda. Wangesema hawa peke yao nisingenyanyuka hapa. Lakini wewe umesoma."

Basi tukaenda. Baba mkubwa alituombea lifti kwenye lori lililokuwa linakwenda kubeba mpunga, tukashuka kutoka ubaridi wa Mafinga mpaka lile joto la Madibira, vumbi limetupaka wote rangi moja. Dokta Faraja alikuwa amejibanza nyuma ya ghala. Alikuwa mcheshi kuliko mimi, na hilo ni gumu. Aliposikia nimesoma, akanikumbatia, akanipa kipaza sauti nizungumze na wananchi. Nami nikazungumza! Nikamrudia Mreno, nikamrudia Mmarekani, mbele ya wakulima waliokuja na wagonjwa wao, na baadhi yao nikawaona wanatikisa vichwa kwa kukubali na kusogea foleni.

Mambo yenyewe yalikuwa ya muda mfupi. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki, vijana wake wawili wakamshika mabega, mimi nikashika mkono. Waya mwembamba, ncha imekunjwa kidogo, una pamba yenye dawa. Akauingiza puani, akausukuma juu, juu zaidi ya pale ambapo mimi, mtu wa baiolojia, nilijua pua inaishia. Nilijua! Nilisikia kitu kidogo kama ganda la karanga linavunjika. Dada Atu aliubana mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Ikatoka damu, halafu yakatoka maji. Dokta akawaonyesha watu ile pamba, wakapiga makofi. Akamnywesha unga kwenye maji, akatupa mwingine wa kwenda nao nyumbani. Kabla hatujafika kwenye lori dada alikuwa ametulia.

Nikampiga picha. Nikaituma kwenye kundi la ukoo. Zikamiminika "hongera msomi" mpaka simu ikapata moto.

Nyumbani sasa. Ametulia kweli. Amekaa mlangoni pa kilabu, mikono mapajani, anatazama malori. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia lala, analala. Hamwiti marehemu. Hamsahihishi mzee wa kanisa. Ndugu walikuwa wanakuja kumtazama kama sanamu mpya ya mjini, wanasema, si mnaona, ametulia. Dereva mmoja, mteja wake wa siku zote, alimchokoza kuhusu kikombe kidogo anachomjazia, akasubiri kutukanwa. Dada akachukua kikombe, akakijaza, akamrudishia. Yule dereva alikiacha kikombe pale mezani, akaondoka bila kunywa.

Mimi nilimuona yule dereva. Niliona uso wake. Bado nikajisemea, ni maendeleo.

Halafu nikagundua anauza ulanzi uliooza. Wateja wanatema. Nikamsogezea kibuyu puani, nikamwambia nusa. Akavuta hewa, akaniangalia, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Na kila akiinama, pua moja inadondosha maji meupe kama machozi, tone, tone. Nikasema ni yale machafu yanamalizikia. Mimi huyo! Nimefaulu baiolojia!

Homa ikaja kwa fujo. Shingo ikakakamaa, mwanga ukawa unamuumiza, akaanza kuweweseka. Mafinga wakatupeleka Iringa, Iringa wakatupeleka Mbeya kwenye hospitali kubwa, shangazi akatupokea getini. Alinipita, akamshika dada mkono.

Daktari aliyemhudumia alikuwa mdada mdogo, mtaratibu. Aliuliza nani alimwingiza kitu puani. Akatueleza kwamba kati ya pua na ubongo kuna mfupa mwembamba sana, nao umetobolewa. Maji niliyoyaita machafu ndiyo maji safi yanayoulinda ubongo, yalikuwa yanavuja, na kwenye lile tundu wadudu wakapanda juu. Na ule unga tuliopewa ulikuwa dawa za usingizi zilizosagwa. Ndiyo utulivu wetu wote huo. Tulimshangilia mtu aliyeleweshwa.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa maua, nikanunua bando. Nikaisoma ile habari mpaka mwisho. Nawasimulieni kwa kifupi, maana mimi niliwahi kuwauzia watu nusu yake.

Yule Mmarekani hakuwa hata daktari wa upasuaji! Aliyekuwa anampasulia wagonjwa alikuwa mwenzake, na mwenzake alipoona sasa kazi inafanywa kama kung'oa msumari, akamkimbia. Chombo chake kilifanana na kile cha kuvunjia barafu jikoni, na inasemekana cha kwanza kabisa kilitoka jikoni kweli. Anamzimisha mgonjwa kwa umeme, anainua kope, anaingiza chuma juu ya jicho, anagonga kwa nyundo, anakizungusha ndani kama mtu anayekoroga uji. Basi. Mgonjwa akaondoka amevaa miwani ya giza kuficha macho yaliyovimba.

Na alikuwa anazunguka na gari hospitali hadi hospitali, tena wakati mwingine mbele ya watazamaji. Alipenda watazamaji huyo bwana! Alikuwa anaingiza vyuma viwili kwa pamoja, macho yote mawili, aonekane fundi. Inasimuliwa kwamba siku moja aliachia chuma kikiwa ndani ya kichwa cha mtu ili apige picha, chuma kikateleza, mtu akafa. Naye akaenda mji unaofuata. Aliwafanyia wanawake waliochoka na ndoa, akawafanyia watoto wakorofi, kila ambaye ndugu zake walimuona ni kelele. Alikuwa anapiga picha kabla na baada. Baada, anatulia. Aliyekuwa mshonaji hashoni tena, aliyekuwa mama hamjui mtoto, wengine wamerudi kujikojolea. Lakini ametulia, andika amepona.

Vidonge vilipogunduliwa, wenzake wakamwacha. Yeye hakuacha. Aliendelea mpaka mgonjwa mwingine akamfia na hospitali ikamkataza. Unadhani alikaa kimya akatubu? Alipanda gari akaanza kuzunguka nchi nzima kuwatafuta wagonjwa wake wa zamani, apate ushahidi kwamba alikuwa sahihi! Ndevu zake nzuri, fimbo yake, koti lake, na kichwa ambacho hakuna hata mmoja aliyethubutu kukigonga nyundo.

Nilimdharau mpaka nikatema mate. Mzee mzima na elimu yote hiyo, anamwambia mama wa watu kwamba mwanao amepona kwa sababu haongei! Nilimdharau kwa watazamaji wake, kwa haraka yake, kwa kupenda makofi. Nikaendelea kumdharau vizuri sana, mpaka nikafika kwenye koti, nikajitazama.

Tofauti yetu ni kwamba yeye alishika chuma mwenyewe. Mimi hata ujasiri huo sikuwa nao. Nilimshika dada mkono, akachoma mtu mwingine.

Dada Atu hakufa. Nashukuru mpaka leo, na kila nikishukuru naona aibu, maana shukrani zenyewe hazinihusu. Ule mfupa walikuja kuuziba. Alirudishiwa vidonge vyake, safari hii vikarekebishwa kama yule daktari wa kwanza alivyoahidi. Ila pua haisikii harufu tena, na sikio la kushoto limekufa kwa ile homa.

Alipoweza kukaa kitandani, nikaenda kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa, nimechagua saa ambayo wodi imetulia, nikainama, nikamnong'oneza yote. Kwamba sikusoma mpaka mwisho. Kwamba bando liliisha.

Akanitazama bila kuelewa. Kisha akageuza shingo taratibu, akanipa sikio la kulia.

"Upande ule hausikii. Sema tena."

Ikabidi nirudie, kwa sauti. Wodi nzima ikasikia, wagonjwa, wauguzi, mama aliyekuwa anamlisha mwanae uji akasimamisha kijiko. Nimeshika vipaza sauti vingi maishani, sijawahi kusikika vile.

Dada Atu akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema hujamaliza kusoma, ningekucheka tu. Tungekunywa chai, tungeendelea na vidonge."

Hakulia, hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea kama mvua ya kwanza. Alivuta shuka, akalala, sikio zima likiwa chini kwenye mto. Kwa hiyo hata nikiongea hasikii.

Nilikwenda polisi. Nilirudi Madibira na shangazi. Tukakuta ghala, tukakuta waya za bango, Dokta Faraja ameshapaa kwenda kwenye mavuno ya wengine. Nikazunguka kwa wakulima walionisikia kwenye kipaza sauti, nikawaambia nilichokijua. Wengine walinifukuza. Mzee mmoja alinionyesha mwanae amekaa chini ya ukuta, akaniambia huyu hapa, ametulia, sasa nikuulize wewe mtulizaji, nani ataninyunyizia dawa mpunga. Nilimsaidia kumpeleka kijana hospitali, na hilo msinipigie makofi.

Kwenye ukoo nilisimama nikasema kweli. Mnajua walifanya nini? Walinisamehe palepale! Baba mkubwa akasema wasomi nao ni binadamu, wakamlaumu Dokta Faraja, wakamlaumu shetani, akafunga kikao kwa sala. Haikuwachukua hata muda wa chai kupoa. Msamaha wa watu ambao hawakutobolewa ni rahisi mno. Na mpaka leo mgonjwa akitokea kwenye ukoo, wananipigia simu kuuliza, msomi, unasemaje? Nasema, mpelekeni hospitali, mkaulize kila kitu mpaka daktari awachoke. Wanaona nimeishiwa.

Sasa nanyi mnaosoma hapa mkiwa na ndugu anayewasumbua usingizi. Akija mtu na koti jeupe akasema atamtuliza, muulizeni, atapona au atatulia? Mkae palepale mpaka ajibu alichoulizwa. Akikasirika, beba mgonjwa wako uondoke. Akianza kuwatajia tuzo za wazungu, ondokeni mbio. Na wewe uliyesoma kidogo, ambaye ukoo umekuvutia kiti, nakuonya zaidi kuliko hao wote. Neno "sijui" halitakuvua koti. Mimi nililiogopa hilo neno, na aliyelipa ni mwingine.

Dada Atu anaishi Mbeya sasa, kwa shangazi, Uyole kule kwenye viazi. Amepona, kupona kweli. Anauza maparachichi barazani na mdomo umerudi. Nikifika kona ya mtaa nasikia watu wanacheka kabla sijaiona nyumba. Anawatuma watu wote. Anamtuma bodaboda, anamtuma mpangaji, siku moja alimtuma mwinjilisti akamletee chumvi, na mwinjilisti akaenda. Dada zetu ndivyo walivyo, akikuhesabu wa kwake hukai chini.

Mimi hanitumi. Nikifika ananivutia kochi, ananipangusia, ananimiminia chai kwenye kikombe kile cha wageni, anasema karibu sana, habari za Mafinga. Nikinyanyuka nikasema, dada, lete ndoo nikuchotee maji, ananijibu kwa adabu kabisa, "Usisumbuke, kaa tu." Halafu anachukua ndoo, anakwenda mwenyewe.